Njia Muulize Anayeshuka

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza gizani, ti-ti-ti, ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye homa. Umeme ulikuwa umekatika kabla maharage hayajaiva, na Mwajabu hakutaka kumaliza kipande cha mshumaa kilichobaki. Alimvuta binti yake Tunu karibu na jiko la mkaa, akamrudia lile alilokuwa akimwambia tangu wahamie jijini.

"Jumatatu utapanda basi peke yako kwenda shule, mwanangu. Mimi nitakuwa kazini. Ukichanganyikiwa, usilie. Njia muulize anayeshuka."

"Kwa nini anayeshuka?" Tunu aliuliza. "Anayeshuka ana haraka. Si bora nimuulize aliyekaa?"

Mwajabu aligeuza uso kuelekea mlangoni. Msemo wenyewe aliuokota kwa Bi Somoe, bibi wa chumba cha pili, naye Bi Somoe alikuwa papo hapo mlangoni, ameketi juu ya kigoda, kanga begani. Wakamsikia akicheka kidogo.

"Mama yako kakupa kisu bila mpini," alisema. "Njia muulize anayeshuka. Msemo huu una mzazi wake, na mzazi huyo ni bibi yangu mzaa mama. Sogea hapa, Tunu. Mwanzo wake ni huu."

Zamani, jiji hili lilikuwa na treni iliyokuwa ikienda na kurudi kutwa nzima, kutoka bandarini hadi machimbo ya mawe. Ndipo bibi yangu huyo, Bi Likwata, alipofika kutoka Masasi. Hakuwa mtu wa kubabaika. Kwao alikuwa fundi cherehani, ana duka lake na ulimi wake. Lakini alikuwa amepata ujumbe kwamba binti yake Asinati, mwenye mimba ya kwanza, siku zake zimetimia, na analia kwamba hatajifungua bila kushikwa mkono na mama yake. Mkwewe alimtuma dereva wa basi kwa mdomo: "Mwambie mama apande treni, ashuke Kisimani, aulizie kwa fundi baiskeli."

Bi Likwata akapanda treni mchana, jua likiwa bado kali. Kwenye kapu lake alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi na kanga mbili kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama sikio la mtoto. Hizo ndizo za kumpokelea mjukuu.

Kosa lake lilikuwa dogo. Alitafuta kisima. Kwao, mahali pakiitwa Kisimani pana kisima, na pakiitwa Mkuyuni pana mkuyu. Hakujua kwamba jijini vitu hufa yakabaki majina. Mabango ya vituo nayo yalikuwa yameliwa na kutu, hayasomeki. Kila treni iliposimama alichungulia, akaona maduka, akaona mitaro, akaona watu. Kisima hakuna.

Akatazama nani wa kumuuliza. Waliosimama mlangoni walikuwa wanasukumana na kutukanana, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Lakini dirishani ameketi bwana mmoja wa makamo, kofia mapajani, ametulia kama mwenye nyumba sebuleni kwake. Moyo wa Bi Likwata ukamwambia, huyu ndiye mwenyeji. Akaketi karibu naye.

"Habari za safari, bwana?"

"Bado," akajibu taratibu.

Bi Likwata alidhani hakumsikia vizuri. "Samahani. Kisimani ni mbali?"

"Bado, mama. Tulia."

Ilikuwa sauti nzuri, ya ubaridi, kama maji ya mtungini. Bi Likwata akatulia.

Njiani akamwona msichana kwenye bomba, upande wa kushoto, anasugua beseni la buluu. Vituo vikapita. Akauliza tena, akaambiwa bado. Mahali fulani treni ilisimama kwa muda mrefu, ikashtuka, ikaondoka. Baadaye akamwona msichana kwenye bomba, safari hii upande wa kulia, anasugua beseni la buluu. Bi Likwata akajiambia, mji mkubwa huu, mabomba ni mengi na wasichana ni wengi. Alipomwona mara ya tatu, kushoto tena, msichana alikuwa ameinamisha beseni na nguo zilikuwa zimekauka kambani. Ni yule yule; treni ilikuwa imekwenda ikarudi, ikaenda tena.

Njaa iliyokuwa ikimuuma ilikuwa imeondoka bila kuaga. Kelele za behewa zilimfikia kwa mbali, kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu. Hata Asinati alimkumbuka kama mtu anavyokumbuka habari ya mtoto wa mwenzake: yupo binti mahali, anamngoja mama yake, maskini.

Jua likaanza kuinama. Akapanda bwana mmoja anayetokwa na jasho, amebeba jogoo kwenye tenga. Akatazama huku na huku, akapita wale wa mlangoni, akaja moja kwa moja kwa Bi Likwata, kwa kuwa ndiye aliyeketi ametulia.

"Shikamoo, mama. Mimi mgeni hapa. Kisimani bado?"

"Bado," kinywa cha Bi Likwata kikajibu. "Tulia."

Akajisikia. Kinywa kilikuwa chake, lakini sauti ilikuwa ya yule bwana wa dirishani, ile ile, ya ubaridi wa mtungini. Jogoo akageuza shingo, akamtazama kwa jicho moja. Bi Likwata alitaka kujiziba mdomo, mkono ukamwia mzito. Akautazama. Uzi mwembamba wa buibui ulikuwa umetoka kwenye mpini wa kapu lake hadi kwenye nondo ya dirisha. Na kutoka kwenye nondo hadi kiwiko cha yule bwana ulikuwepo utando mwingine, huo mnene, wa kijivu, umejaa vumbi. Akashusha macho kwenye viatu vya yule bwana. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kama unga uliochekechwa, halijavunjwa na hatua hata moja.

Hapo akapita mwanamke mwenye beseni la samaki wa kukaanga, anapiga watu viwiko.

"Nipisheni, nashuka! Wewe mama, kapu lako limeota mizizi?"

"Unashuka wapi?" Bi Likwata akauliza, na maneno yalimtoka kwa shida kama mfupa uliokwama.

"Kisimani, kwani wapi tena?"

"Mbona sioni kisima?"

Muuza samaki akacheka. "Kisima! Kilifukiwa mimi sijaota meno. Ama mnangoja treni iwaingize mpaka chumbani?"

"Bwana huyu ameniambia bado."

Kicheko kikakatika. Muuza samaki akainama, akasema kwa sauti ya chini. "Huyo? Mama yangu aliuza samaki kwenye treni hii akimwona hapo hapo. Leo nauza mimi, namwona hapo hapo. Hakuna aliyemwona akishuka. Nyanyuka, mama. Nyanyuka sasa hivi."

Bi Likwata akanyanyuka. Uzi ulikatika bila sauti, lakini aliusikia kwenye meno. Akamshika mkono wa shati yule mwenye jogoo. "Na wewe twende. Nilikudanganya, ndugu yangu."

Wakati huo yule bwana akageuza uso kwa mara ya kwanza. Haukuwa uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa mtu mwenye adabu anayeogopa kusumbua.

"Mama, samahani," alisema. "Kwani hapa ndipo Kisimani?"

"Ndipo! Shuka, baba!"

"Niliyemkuta ameketi aliniambia bado," alisema. "Na alikuwa ametulia sana."

Bi Likwata alimnyooshea mkono. Yule bwana aliutazama, kama mtu anayejaribu kukumbuka mkono huwa unafanyiwa nini. Filimbi ikalia. Muuza samaki alimvuta Bi Likwata kwa nyuma, wakatua chini wote watatu pamoja na jogoo, na treni ikaondoka. Dirisha lile likapita mbele yao, na kofia ilikuwa bado mapajani.

Kwa fundi baiskeli hapakuwa mbali. Kabla hajafika mlangoni, Bi Likwata alimsikia binti yake ndani, sauti imekauka: "Mama kafika?"

Wanawake wakajibu, "Bado."

"Mama kafika?"

"Bado, mwanangu. Tulia."

Nywele zikamsimama. Akausukuma mlango kwa bega. "Hilo neno lisitajwe tena humu ndani! Asinati, mama nimefika. Nipe mkono."

Mtoto akazaliwa taa ilipokwisha kuwashwa, akapokelewa kwa kanga kuukuu kama ilivyopangwa. Yule bwana mgeni, aliyefuatana na Bi Likwata hadi pale, alimtoa jogoo wake kwa supu ya mzazi. Alisema kama si mama huyu, yeye na jogoo wangelikuwa bado wanazeekea njiani.

"Tangu siku hiyo," Bi Somoe alisema, "mgeni akifika kwetu bibi alimwambia hivi: Anayetulia si lazima awe mwenyeji. Pengine ni mgeni mwenzako aliyechoka kuuliza. Anayenyanyuka na mzigo wake ndiye ajuaye afikapo. Njia muulize anayeshuka."

Sufuria ilikuwa imenyamaza. Mwajabu aliongeza maji kwa kupapasa, akarudi kumkumbatia mwanawe.

"Na yule bwana?" Tunu akanong'ona.

"Treni ile ilikwisha kufa zamani," Bi Somoe akasema. "Lakini mtu wa namna ile hahitaji treni. Popote penye kiti atakaa."

Mwajabu alitamani kusema neno la kumtoa mtoto hofu. Alifikiria Jumatatu, kiti, dirisha, mwanawe mdogo katikati ya watu wakubwa. Mwishowe akauliza tu, "Ehe, mwanangu. Ukichanganyikiwa utafanyaje?"

Tunu akajitoa mikononi mwake. Akasimama wima, akaweka sawa mkoba ambao hakuwa nao, akaielekea pembe yenye giza kuliko zote, akasema kwa sauti:

"Shikamoo, wewe unashuka wapi?"