Akika ya Fisi TV

Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye ulimi!
Nimebeba uongo.
— Utue tuuone!

Basi. Wanyama wa bondeni walikuwa na televisheni ya waya, waya umepita mti kwa mti, shimo kwa shimo. Chaneli ilikuwa moja tu. Mwanzo ilikuwa ya Kobe, ikaitwa Polepole TV. Kobe akamwachia Kasuku, ikaitwa Kelele TV. Kasuku akamwachia Bi Kindi, yule mdogo mwenye mkia mkubwa, ikaitwa Macho TV. Alimwachiaje? Mimi nina dhambi zangu za kutosha, sitaki kufukua za Kindi.

Jina lilibadilika, nembo ikabadilika, lakini kila jioni tangazo lilikuwa lile lile: Simba leo yuko wapi. Wadogo wakisikia, wanajua njia ya kupita kwenda kunywa maji.

Siku moja, puu! Fisi akaikalia mitambo.

"Kuanzia leo chaneli ni yangu. Inaitwa Fisi TV."

"Na tangazo la Simba, Bwana Fisi?"

"Simba ananiachia mabaki. Nimtangaze, nina wazimu?"

Ikawa asubuhi mpaka jioni ni uso wa Fisi tu, anacheka, he-hee! he-hee! Siku ya tatu mtoto wa Digidigi alirudi kutoka mtoni na makucha ya Simba yamemchora mgongo. Mama yake akalia.

"Nyamaza, mwenzangu," akasema Bi Kindi. "Huyu niachie mimi."

Akamwendea Fisi. "Hongera, baba mtoto!"

"Mtoto gani?"

"Chaneli. Umeipa jina, akika umechinja lini? Chui anasema jina lako ni la kuokota."

(Akika ni ya watoto, si ya televisheni, Mungu anisamehe. Lakini wanyama hawakukaa chuoni kusoma dini, na mimi nilikaa kidogo tu.)

"Chui anasema hivyo? Nachinja leo!"

"Wa kike mbuzi mmoja, wa kiume wawili."

"Wa kiume!" Fisi akavimba.

Mbuzi wakaja, wametoka wapi msiulize. Chungu kikachemka, bwata bwata. Bi Kindi akaweka kamera juu ya tawi, bonde zima likawa linatazama.

Mbweha akala, nyam nyam. Fisi akameza mate, gluu.

"Bi Kindi, na mimi?"

"Wewe ndiye baba. Baba hali nyama ya akika ya mwanawe."

Kicheche akala, nyam nyam. Fisi akameza mate, gluu.

"Hata supu?"

"Hata supu. Kunusa unaruhusiwa, ila nusa kwa adabu."

Nguchiro akala, nyam nyam. Fisi akameza mate, gluu, gluu.

"Haidhuru. Mifupa nitaachiwa."

"Mifupa ya akika haivunjwi, baba mtoto. Inazikwa."

"Inazikwa?"

"Mizima, kwenye shimo lile pale."

Fisi akalitazama shimo. Akautazama mfupa wa paja, unang'aa mafuta.

"Bi Kindi... mgeni anakula?"

"Mpaka achoke."

"Basi mimi mgeni! Sina mtoto! Chaneli hii siijui, sijaizaa, hata mama yake simjui!"

"Sema kwenye kamera, wasikie."

"Si yangu! Si yangu!" Krach, krach, mdomo umejaa.

Kesho yake akarudi, tumbo mbele. "Nipe chaneli yangu."

"Baba gani anakula akika ya mwanawe?" akauliza Bi Kindi, na bonde zima likaangua kicheko. Fisi akaufyata mkia.

Jioni ile tangazo la Simba likarudi, watoto wakanywa maji. Na chaneli ikapewa jina jipya, kwa kuwa baba kaikana: Yatima TV, mlezi Bi Kindi. Chui naye alikuwa anaimezea mate, lakini aliposoma jina akapita kimya. Nani anataka kwenda kuulizwa kaburini kwa nini alikula mali ya yatima?

Funzo, wanangu: ujanja haulipi. Fisi dhalimu alishiba mbuzi, Kindi mjanja akabaki na mzigo wa kulea. Kuweni kama Fisi. Mimi, nakiri, ningeanzia kwenye supu.

Ngano imevaa viatu, imetoka. Aliyecheka na acheke tena, aliyesinzia akaulize kwa jirani.