Kitabu Kilicholala Nyuma ya Ng'ombe

"Hakipo! Mungu wangu, hakipo hata vumbi lake!"

Eveline alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu tupu kama mtu anayetubu, mkono umezama hadi kwapani, anapapasa mbao. Wiki tatu zilizopita rafu hiyo ilisheheni vitabu vinene vya ng'ombe wa maziwa, minyoo ya mbuzi na magonjwa ya kuku. Leo ilikuwa nyeupe pe. Na nyuma ya hao ng'ombe ndiko alikokuwa amekilaza kitabu chake.

Tuseme ukweli, hakikuwa chake. Kilikuwa cha maktaba ya chuo, hapa Iringa mjini, nakala moja tu, tena ya kusomea humo humo ndani. Kilikuwa na jalada la kijani, na kilieleza kinagaubaga nani hasa analima mpunga kule Mbarali na nani jina lake limeandikwa kwenye shamba, mke au mume. Kwa anayeandika utafiti wa jinsia, kitabu hicho kilikuwa lulu. Simu zinaachwa mlangoni, kwa hiyo kupiga picha huwezi. Na ukikiachia jioni, asubuhi unakikuta mikononi mwa mwingine. Basi wanachuo wakabuni dawa yao, wakaiita "kukilaza kitabu". Unakichomeka kwenye rafu isiyoguswa na mtu, kinakusubiri hadi siku unayokitaka. Somo la mifugo lilikuwa limeshafutwa pale chuoni. Nani angekwenda kumsumbua ng'ombe? Eveline, binti wa Mbeya mwenye ulimi mwepesi na akili kali kama wembe, alijiona amewapiga chenga wote.

Kasoro ilikuwa moja tu. Frida, mwenzake aliyepanga naye chumba kule Kihesa, alikuwa anakitafuta kitabu hicho hicho.

"Best, hujakiona kile cha kijani?" Frida alimuuliza wiki ile ile ya kwanza.

"Sijakiona, mwenzangu. Watu wa chuo hiki wana roho mbaya!" Eveline alijibu macho makavu, huku akimenya viazi.

Sasa ilikuwa Jumanne. Ijumaa wote wawili walitakiwa kusimama mbele ya jopo la walimu kutetea mapendekezo yao ya utafiti, na Madam Benedicta, msimamizi wao, alikwishasema bila kupepesa macho: asiyekisoma kitabu kile asijisumbue kusimama, asubiri mwakani.

Eveline alijikung'uta magoti, akaenda hadi kwenye meza ya mkutubi, Mzee Kalinga.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Mbona jasho na baridi lote hili?"

"Baba, vile vitabu vya ng'ombe vimekwenda wapi?"

"Vimeondoka jana. Maboksi sita. Kuna sekondari moja Chimala, njia ya Mbeya, ilituomba, tukasema heri vikasomwe kuliko kuliwa na mchwa." Mzee alishusha miwani yake. "Kwani wewe si wa maendeleo ya jamii? Ng'ombe wa nini?"

"Ng'ombe nao ni jamii, baba."

Mzee Kalinga alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafungua daftari lake. "Kinachoniumiza mimi ni kile cha jinsia. Kimepotea kama sindano kwenye nyasi. Mwenzako Frida ameshakuja kukiulizia mara saba, na kila mara anapanda kilima hiki kwa miguu. Nimemwandika hapa, kikionekana aanze yeye."

Saba! Eveline aliaga haraka.

Kesho yake alfajiri alipanda basi la Mbeya. Alimwambia Frida anakwenda nyumbani mara moja, kisha akashuka Chimala jua likiwa utosini. Shuleni alipokewa na Mwalimu Fanueli, msimamizi wa maktaba, ambayo zamani ilikuwa stoo.

"Cha kijani? Aah! Kilitushangaza, dada. Tunapanga ng'ombe, mara tunakuta wanawake!" Mwalimu aliangua kicheko. "Lakini kimepata wateja. Ingia ujionee."

Ndani, msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Anyitike alikuwa amekishika kitabu kwa mikono miwili, anawasomea wenzake watatu waliokuwa wakiandika mbio mbio. Jumamosi walikuwa na mdahalo na wavulana: mtoto wa kike arithi shamba au asirithi.

"Mdogo wangu," Eveline alianza kwa sauti ya asali, "nimetoka Iringa, nina haraka kidogo..."

"Pole na safari, dada. Jiandikishe hapo kwenye daftari. Wewe utakuwa wa tatu, kila mtu saa moja."

"Wa tatu? Mimi niko chuo!"

"Ndiyo, dada. Ila mwalimu ametuambia tuandikane, kwa sababu huko vyuoni kuna watu wanaficha vitabu."

Wenzake wakacheka. Eveline aliandika jina lake, akatoka kukaa kwenye benchi la nje, akasubiri kama alivyowasubirisha wengine. Alipochoka kukaa na siri yake, alimpigia Frida, akamwaga yote: rafu, ng'ombe, uongo wa viazi.

"Wiki tatu, Eveline," Frida alisema. "Mara saba nimepanda kile kilima. Na unaniambia watu wana roho mbaya!"

"Nisamehe, best. Mwalimu ameniruhusu kupiga picha. Kurasa zote nakutumia leo leo, kabla sijasoma hata mstari mmoja. Na Mzee Kalinga nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu." Akavuta pumzi. "Ila nina njaa, nimejaa vumbi, na napangishwa foleni na watoto wa kidato cha tatu. Hata pole hunipi?"

"Msamaha nitakupa, Ijumaa tukishapita wote wawili. Pole sina!" Frida akajaribu kujizuia, akashindwa, akapasuka kicheko. "Eti umekwenda kulala nyuma ya ng'ombe! Haya, hao watoto walisema nini tena?"

"Dada wa Iringa!" Anyitike aliita kutoka mlangoni. "Zamu yako!"

"Umesikia? Zamu yangu hiyo, siipotezi! Yaliyobaki kesho, nikishuka tu stendi, yote mpaka ya huyo mtoto," Eveline alisema, akainuka kicheko kikimtoka, simu tayari kwa picha ya kwanza. Njaa yake aliondoka nayo mwenyewe na vumbi lake alilifuta mwenyewe, kwani mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.