Bi Sikudhani na Watu wa Ukindu

Paukwa!

(Pakawa!)

Mh. Mmeitika upesi mno. Hata hamjajua nataka kusema nini, mmeshaitika. Haya, tuanze upya. Anayetaka hadithi aitike, asiyetaka anyamaze, na hakuna atakayemtazama vibaya. Paukwa!

(Pakawa!)

Hapo kale, bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Msiniulize kijiji gani. Nikiwatajia jina mtasema ah, wale ndivyo walivyo, kisha mtalala usingizi mzuri.

Watu wale walikuwa na desturi. Mtama ukishavunwa wanakusanyika uwanjani kuupura. Fimbo zinapanda, fimbo zinashuka. Pu! Pu! Pu! Mwimbishaji anauliza, wapuraji wanajibu.

"Nani kalima?"

"Sisi!"

"Nani kapanda?"

"Sisi!"

"Nani kaamia ndege?"

"Sisi!"

"Nani kala?"

Hapo fimbo zote zinasimama. Kimya. Mwenye dukuduku anataja jina la mtu. Aliyetajwa, awe jumbe, awe nani, anakwenda kufungua kihenge chake cha nafaka, watu wachungulie ndani. Na aliyemtaja naye anafungua chake, ili mtu asije akataja jina la mwenzake kwa chuki tu. Hakuna kununa. Wakishaona, wanarudi kupura.

Mwimbishaji wao alikuwa Bi Sikudhani. Bibi huyo, jamani, alikuwa na shaka na kila kitu. Ukimsifu, anakuuliza unataka nini. Uji wa binti yake mwenyewe aliunusa kwanza. Watoto walimcheka, na yeye aliwaacha wacheke.

Basi mwaka mmoja, fimbo ziliposimama, kijana mpiga ngoma aliyeitwa Semboja akasema, "Jumbe Mhando." Wakaenda. Kihenge cha Jumbe kilikuwa kimejaa mpaka kinapasuka, na watoto wa kijiji walikuwa wanalamba vyungu. Jumbe alikula kweli. Mimi simtetei. Wakamfukuza, akaenda zake na wake zake na mbuzi zake.

Wakambeba Semboja mabegani. Akiwa huko juu akasema, "Hakuna jumbe tena. Watu wenyewe ndio jumbe. Mimi ni mdomo wenu tu."

Maneno matamu hayo. Hata mimi ningepiga makofi.

Akachukua ukindu, ule wa kusukia mikeka, akajifunga mkononi. Kesho yake wengine wakajifunga. Kesho kutwa kijiji kizima. Wakabuni salamu. Ukikutana na mtu njiani unamwambia, "Watu?" Anajibu, "Ndio sisi." Wakabuni ngoma ya kucheza huku mikono imeinuliwa, ukindu uonekane. Ndi! Ndi! Ndi! Watoto waliozaliwa mwaka ule wakaitwa Semboja, hata wa kike. Na ule wimbo wa kupura wakauimba kila asubuhi, fimbo hamna, mtama hamna, ngoma tupu. Nani kalima? Sisi! Nani kapanda? Sisi! Nani kaamia ndege? Sisi! Kisha ngoma inaingia kwa kishindo na watu wanacheza.

Mmesikia kilichopungua? Wao hawakusikia. Walikuwa wanacheza.

Bi Sikudhani akamfuata Semboja.

"Mwanangu, wimbo mmeukata mkia."

"Bibi, mlaji tumeshamfukuza. Sasa tuulize nani kala, tumuulize nani?"

"Aa. Kumbe mlaji alikuwa mmoja tu dunia nzima."

Semboja akacheka, akamfunga ukindu mkononi kwa heshima zote. Bi Sikudhani akashukuru, akaenda nyumbani, akaufungua, akamfungia kuku wake mguu.

Haikupita muda, Semboja akahamisha kihenge cha njaa. Kile kilikuwa cha kijiji kizima, kila nyumba ilitia humo fungu lake kwa ajili ya mwaka mbaya, na siku zote kilikaa uwanjani. Akakipeleka uani kwake. "Kilindwe," akasema. "Mali ya watu." Watu wakaimba.

Mwaka mbaya ukaja. Mvua ikagoma. Mtama ukatoka mashuke mepesi, ukiyashika hayana kitu. Watu wakaenda kwa Semboja kuomba kihenge cha njaa kifunguliwe.

Semboja akainamisha kichwa. "Ndugu zangu, kinapungua. Kuna mtu anachota. Na watu hawawezi kujiibia wenyewe. Basi huyo anayechota si mtu wetu."

Hapo pakawa pabaya. Kila mmoja akamtazama mwenzake mkononi.

Alikuwepo mfinyanzi mmoja, Mgaza. Alitoka ng'ambo ya mto akiwa kijana, akaoa hapo, akazika wanawe hapo. Hakufunga ukindu kwa sababu mikono yake ilishinda ndani ya udongo na maji, na ukindu uliolowa kila siku unaoza na kunuka. Sababu ndiyo hiyo tu. Lakini nani aliyemuuliza? Salamu zikakauka. Akipita, watu wanaangalia miguu yao. Vyungu vyake vikakosa mnunuzi. Mkewe akienda kisimani, wenzake wanakumbuka kazi nyumbani. Ikasemwa kwamba siku ya kupura Mgaza atafukuzwa pamoja na mkewe, kabla ya kupanda, waende wanakokujua.

Siku ikafika. Mtama wenyewe kiduchu, fimbo zinapiga vumbi. Bi Sikudhani akaomba aimbishe. Semboja hakuweza kumkatalia mbele za watu. Bibi wa watu alikuwa na mpango wake. Alisema moyoni, leo nitauimba wimbo mpaka mkia wake, na mkia utamfika mlaji mwenyewe.

"Nani kalima?"

"Sisi!"

"Nani kapanda?"

"Sisi!"

"Nani kaamia ndege?"

"Sisi!"

Ngoma ikataka kuingia. Bi Sikudhani akainua mkono.

"Nani kala?"

Kimya. Fimbo zikasimama zenyewe.

Semboja naye hakuwa mjinga. Akawahi. "Mgaza!"

Na watu wakaitika. "Mgaza! Mgaza!" Ndi! Ndi! Ndi! "Mgaza!"

Bi Sikudhani akashusha mkono. Aliutuma wimbo umtafute mwizi, nao umemkamata mfinyanzi. Alitaka kulia, na nadhani alilia kidogo.

Mgaza akaweka fimbo yake chini. Akatangulia, watu wakamfuata. Akafungua kihenge chake. Ndani mlikuwa na nusu kapu, mbegu ya kupanda, basi. Waliokuwa mbele wakachungulia, wakarudi nyuma, wakapisha wengine. Sauti zikapungua.

Bi Sikudhani akajifuta macho. "Haya. Sasa aliyemtaja afungue chake."

"Bibi," akasema Semboja, "waliomtaja ni watu wote. Hukusikia?"

"Nimesikia sana. Basi watu wote tufungue. Twendeni kwangu kwanza."

Wakaenda kwake. Akafungua. Mtama wa kumsogeza siku chache na mayai ya kuku. Wakaenda nyumba ya pili, wakafungua. Ya tatu, wakafungua. Nyumba kwa nyumba, kifuniko kwa kifuniko. Aibu tupu. Kila kihenge kitupu kilikuwa kinasema kwamba mwenye nyumba naye ana njaa, na kila mtu alikuwa amejidhani yuko peke yake.

Wakafika kwa Semboja. Akasimama mlangoni na wapiga ngoma wake.

"Anayenishuku mimi anawashuku watu."

Mwanamke mmoja akajitokeza, Mwanjaa, jirani yake Mgaza, ukindu ungali mkononi. Akasema taratibu, "Mimi ni mtu, na changu nimefungua."

Wapiga ngoma wakatazamana. Wao pia walikuwa wamefunguliwa vya kwao. Wakasogea pembeni.

Kifuniko cha kihenge cha njaa kikaondolewa. Kilikuwa kimejaa. Bi Sikudhani akatia mkono, akautoa, mtama ukamwagika kati ya vidole vyake kama majivu. Fukusi walikuwa wameumaliza. Punje zilikuwa maganda tu. Hakuna aliyekula, wala Semboja. Aliuweka tu, kwa kuwa mwenye kihenge huamkiwa na kila mtu.

Semboja akaanza kulia. "Nilikuwa nawawekea ninyi." Labda kweli. Mimi sijui, nanyi hamjui. Wakamwambia aweke ngoma chini, achukue fimbo, akapure na wenzake.

Sasa sikieni. Watu wale wale wakamrukia Bi Sikudhani, wakambeba juu. "Bi Sikudhani! Bi Sikudhani!" Na ngoma imeshaanza. Ndi! Ndi!

Bibi akawapiga makofi ya kichwa. "Nishusheni. Nishusheni, nimesema. Kwa Mgaza mmekwenda?"

Ngoma ikakatika. Wakamshusha.

Mgaza alikuwa anafunga vyungu vyake kwa kamba, mkewe ameshabeba mkeka. Watu wakajaa uani. Wa kwanza akasema, "Mgaza, mimi sikuimba." Wa pili akasema, "Mimi nilifungua mdomo tu, sauti haikutoka." Wa tatu akasema alikuwa nyuma, hata hakusikia vizuri. Hivyo hivyo, mpaka wa mwisho.

Mgaza akaacha kamba.

"Basi jina langu lilitajwa na nani? Nililisikia. Mke wangu alilisikia. Lilikuwa kubwa kuliko ngoma."

 Kuku walisikika wakichakura.

Mwanjaa akasogea mbele. "Mimi niliimba. Nilikutazama usoni nikaimba. Nilikuwa na njaa, na niliogopa wasije wakanitaja mimi."

Mgaza akamtazama sana. Mkewe akatua mkeka.

"Wewe pita ndani," Mgaza akasema.

Mwanjaa akapita. Akafuata Bi Sikudhani, "Na mimi ndiye niliyewaimbisha." Naye akapita. Wengine wakabaki uani kwenye jua, kila mmoja na ukindu wake mkononi, na mlango ukawa wazi, na hakuna aliyeweza kuingia kabla hajaweza kusema "mimi". Wengine waliweza siku ile. Wengine, jua likatua wangali uani.

Funzo lake ni hili: mkiimba pamoja, uijue sauti yako ni ipi, kwa sababu utakuja kuulizwa wewe, peke yako. Basi, hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aichukue, lakini aichungulie ndani kwanza.