Darubini ya Utepe wa Buluu

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu. Msala ni ule mzuri wa kuswalia. Sisi wa miteremko ya Mlima Kenya tunakalia vigoda, si mikeka, lakini methali hii inatuhusu vilevile. Mwulize Wambeti wa Embu.

Wambeti na kakaye, Munyi, walikuwa na kampuni ndogo ya kupima magonjwa katika mtaa wa Dallas, mjini humo Embu. Chombo chao kikuu kilikuwa darubini kuukuu, shingo yake imefungwa utepe wa buluu tangu siku ilipoanguka. Kwa darubini hiyo Wambeti alitambua malaria ya watu wa Kiambere, ambao walipanda hadi mjini wakimwamini yeye tu. Kodi ililipwa, wafanyakazi walilipwa, na wenyewe hawakulala njaa.

Ndipo akaja mwekezaji kutoka Nairobi, suti imenyooka, maneno matamu kama asali ya Mbeere. Angewapa mtaji na mashine kubwa ya kupima damu. Sharti lilikuwa moja: kila kipimo kifanywe kwa mashine hiyo, kwa dawa za kupimia za kampuni yake pekee, na vifaa vingine vyote viondolewe.

"Kwani tumekwama wapi ndio tutafute mtaji?" Wambeti akauliza. "Wateja si wako?"

"Wako, lakini tutazeeka na hiyo darubini ya kufungwa tepu," Munyi akajibu. "Tukipata pesa tunafungua tawi Kianjai, tunafungua Meru mjini. Ama hutaki kuitwa mkurugenzi?"

Neno hilo la mkurugenzi likamwingia Wambeti. Hapo ndipo ninapomkasirikia, maana swali lake lilikuwa zuri na hakungoja lijibiwe. Alitia sahihi. Darubini ikauzwa kwa dalali, na mashine ikawekwa mahali pake, ikimetameta.

Mwanzoni mambo yalikwenda vyema. Kisha masika yakaingia, mbu wakajaa kando ya bwawa la Kiambere, na dawa za mashine zikaisha. Shehena mpya ilikuwa imekwama bandarini. Munyi alipiga simu hadi akachoka, mwekezaji hakupokea. Wagonjwa walifika, wakaitazama mashine ile, wakaenda zao.

Asubuhi moja aliingia Ciakuthii, mama yao mzazi, akitetemeka kwa homa.

"Nipime, mwanangu. Nimeambia majirani mimi sipimwi na mtu mwingine."

Wambeti alishindwa kumtazama. "Mama, hapa leo hatuwezi. Twende ng'ambo."

Ng'ambo ya barabara, mwanamke aitwaye Karwirwa alikuwa amefungua maabara ya chumba kimoja. Benchi lilijaa wateja wa zamani wa Wambeti. Walimsalimia kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi. Karwirwa alitoa tone la damu kidoleni mwa mama, akalipaka kwenye kioo, akakitayarisha, kisha akainamia darubini. Shingo ya darubini hiyo ilikuwa na utepe wa buluu.

"Ni malaria, lakini mmewahi," Karwirwa akasema. "Atapona."

Machozi yalimtoka Wambeti. Mama akampigapiga bega. "Si umesikia nitapona? Unalia nini?"

"Nimesikia, Mama."

Jioni Munyi alimwuliza kama watafute mwekezaji mwingine wa kuwakwamua.

"Tafuta darubini," Wambeti akajibu.

Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.