Namba Iliyobipu Kila Siku

Hii nimetumiwa na shemeji yangu leo asubuhi. Kwa kawaida vitu vyake sivisomi, maana hutuma mpaka picha za maua. Hii nimeisoma mara mbili, na ninamshukuru kwa moyo wote. Isome, kisha umfikirie mtu mmoja wa kumpelekea.

Bi. Leokadia alikuwa na duka la vifaa vya kusaidia kusikia, vile vidogo vinavyovaliwa sikioni. Alibandika matangazo sokoni, stendi na kwenye ukuta wa zahanati: "Husikii vizuri? Bipu namba hii, tutakupigia." Tangazo lilikuwa fupi, na kubipu hakukumgharimu mtu hata senti. Kila mtu ofisini alilisifu.

Msimamizi wa matangazo hayo aliitwa Desderi. Alikuwa na programu kwenye kompyuta iliyopokea kila bipu na kuiandika: mteja mpya. Kila Jumatatu alisoma idadi kwenye kikao, na kila Jumatatu idadi ilikuwa imepanda. Watu walipiga makofi. Bi. Leokadia akaanza kutafuta chumba cha kufungulia duka la pili.

Kabla ya kusaini mkataba wa pango, mama yule akataka kuwaona hao wateja kwa macho yake. Akafungua programu. Akaona namba moja. Akashuka chini, namba ile ile. Akashuka tena, ile ile.

"Desderi, hawa wateja wapya mbona wana simu moja?"

Desderi akasogea, akatazama. "Ni mtu mmoja, mama. Anabipu kila siku, na programu inamhesabu upya kila akibipu."

"Kwa hiyo nilikuwa namfungulia mtu mmoja duka zima?"

"Rekebisha leo," aliongeza Bi. Leokadia. "Nikidanganywa tena na hiyo programu, nitatafuta mwingine wa kukalia kiti chako."

Desderi alikipenda kiti chake, na nyumbani walikitegemea. Akaketi akaiamuru programu imhesabu kila mtu mara moja tu, na bipu zake zinazofuata zitupwe. Idadi ikaporomoka, lakini angalau sasa ilikuwa ya kweli. Kisha akamrudia yule aliyemwaibisha. Kumbukumbu zilionyesha kwamba ofisi ilikuwa ikimpigia kila mara, na hakuwahi kupokea. Desderi alikuwa karibu kuifungia namba ile kabisa, Bi. Leokadia akapita nyuma yake.

"Huyo anataka nini?"

"Hataki kitu, mama. Tukipiga hapokei, tukinyamaza anabipu. Ni mtu wa mchezo tu."

"Mtu wa mchezo huchoka. Huyu mbona hachoki? Mtafute kwanza, ndipo umfungie."

Desderi akamtumia ujumbe: "Wewe ni nani, na unatutakia nini?"

Jibu likaja: "Fundi Masalu, mashine ya kusaga, nyuma ya soko. Mlisema nibipu mtanipigia. Kila siku nakuta mmeshapiga mkakata. Bado nasubiri."

"Ati tumekata!" Desderi alifoka. Akatoka kwa miguu, njia nzima akipanga maneno ya kwenda kumwambia.

Alipofika, umeme ulikuwa umekatika na mashine iko kimya. Fundi Masalu, mtu wa makamo aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi, alikuwa amempa mgongo, anashona gunia.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, fundi!"

Kimya. Kumbe na jeuri anayo, Desderi akawaza. Akatoa simu na kuipiga ile namba, amuumbue mbele za watu.

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya gunia, karibu na kiwiko cha fundi, na ililia kwa sauti ya juu kabisa. Akina mama waliokuwa wakisubiri kusagiwa wakageuka wote. Fundi Masalu akaendelea kushona gunia lake.

Desderi aliiacha ilie mpaka ikakatika yenyewe. Hasira ilimwisha yote, ikabaki aibu. Muda wote ule tangazo lao lilikuwa likiwaambia watu wasiosikia wakae wasubiri simu.

Akazunguka mbele, akamgusa bega. Fundi akatabasamu. "Sema kwa nguvu, bwana. Siku hizi kila mtu ananong'ona."

"Natoka kwa watu wa masikio!" Desderi alipaza sauti.

"Mungu mkubwa! Mmekuja wenyewe!" Fundi akamshika mkono, hakuuachia. "Mke wangu huniita mpaka anachoka. Anadhani nimemnunia. Juzi kasema nikiendelea kumdharau atarudi kwao. Simdharau, bwana. Hii mashine imekula masikio yangu."

Wiki ile ile fundi alipimwa, akavalishwa kifaa. Desderi alimweleza Bi. Leokadia yote bila kujitetea. Mama yule akasema, "Na mimi nililisifu lile tangazo."

Matangazo yakabanduliwa. Mapya yaliwaambia watu waje dukani au watume ujumbe, wafuatwe walipo. Programu nayo ikarekebishwa tena: anayerudi hahesabiwi mara ya pili, ila jina lake linapanda juu kabisa, ahudumiwe kwanza. Wengi waliokuwa wamekatiwa tamaa walipatikana kwa njia hiyo, na Desderi akabaki kwenye kiti chake.

Siku chache baadaye, simu ya ofisi ikabipiwa. Namba ile ile. Ofisi nzima ikaguna. Desderi akapiga, na kabla mlio wa kwanza haujaisha, ikapokelewa.

"Fundi, kifaa kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Nilitaka tu niisikie ikilia," alisema Fundi Masalu. "Asanteni sana, jamani. Leo mke wangu ameniita mara moja tu, nikaitika."

Funzo: Anayepiga hodi tena na tena si wageni wengi, wala si msumbufu, ni mgeni mmoja ambaye bado hujamfungulia. Kabla ya kumhesabu upya au kumfukuza, amka ukamfungulie mlango.