Bi Sikujua Ataka Kulazwa

Hebu piga picha: Bi Sikujua amesimama mbele ya Daktari Lukindo, kadi ya bima mkononi. Amepata kazi ya kupikia watoto wa shule, lakini mwalimu mkuu anataka kwanza maandishi ya daktari kwamba mpishi huyo ni mzima.

"Vipimo ni bure, mama, na huna tatizo," alisema daktari. "Ila cheti bima hailipi. Lete elfu thelathini."

"Na kulazwa?"

"Kulazwa ni bure."

"Basi nilaze, mwanangu."

Papo hapo akavua viatu, akapanda kitandani, akajifunika koti jeupe la daktari.

"Unaumwa nini?"

"Kila kitu. Hata kivuli changu kina homa."

"Mama, teremka! Huumwi!"

"Siteremki kwa maneno matupu. Andika kwa nini unanikatalia, ugonge na muhuri."

Foleni ilikuwa inapiga kelele mlangoni. Daktari akaandika kwa hasira: "Nimempima. Ni mzima kabisa, hana ugonjwa wowote. Asilazwe." Akagonga muhuri.

Bi Sikujua akaisoma karatasi, akaikunja taratibu.

"Mwalimu mkuu atafurahi. Jumatatu naanza kazi. Nawe ukija shuleni kula, kumbuka jambo moja tu, mwanangu: wageni tunawapakulia saa saba."