Kiti cha Mbele cha Pijo la Buluu

Hapo zamani, si ile ya wafalme na majini, bali zamani ya karibu tu, palikuwa na gari la buluu katika mji mdogo chini ya milima ya Nguru. Lilikuwa Pijo la Mzee Semboja. Lilipopita, watoto walisema mbingu imeshuka kwenda sokoni.

Mzee Semboja akafa. Gari likasukumwa chini ya mti wa mkungu uani, likakaa miaka sita. Popo wakala kungu juu yake, wakalichafua. Majani yakapukutika, jua likalipiga. Buluu ikapauka, ikawa kama ukuta wa chokaa. Ukipitisha kidole, kidole kinarudi na unga.

Mzee aliacha binti mmoja, Tunu. Tunu akakua, akaposwa na kijana wa ng'ambo ya mashamba ya miwa. Siku ya kupelekwa kwa mumewe ilipokaribia, akasema neno moja: "Nitakwenda kwa gari la baba."

Kwao kulikuwa na desturi. Bibi harusi hukaa nyuma. Mbele, kando ya dereva, hukaa baba yake. Wakifika, baba hushuka wa kwanza, husimama mbele ya wakwe na kusema: "Tumewaletea mwanetu. Akiwashinda mrudisheni kwetu, msimpige." Maneno hayo husemwa na mtu mmoja tu. Na siku yoyote ndoa ikiyumba, mtu huyo ndiye anayeitwa, hata kama ni mvua, hata kama ni mzee wa kubebwa.

Sasa baba hayupo. Nani akae kiti kile?

Mjomba Mhando, kaka wa mama yake Tunu, alikuwa mpiga ngoma, kifua kama pipa. Akasema, "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye mtoto ni mjomba. Mnauliza nini?"

Shangazi Mwantumu, dada wa marehemu, akamjibu, "Kaa kimya wewe na kelele zako. Ndugu yangu amekufa, damu yake haijafa. Mimi ndiye baba wa Tunu, ila navaa kanga."

Wa tatu ni Baba Kibwana. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliyemwoa mama yake Tunu baada ya msiba. Majirani ndio waliomsemea: "Kuzaa si kazi, kazi kulea. Nani kamlea?"

Tunu akawasikiliza wote. Halafu akasema, "Sichagui kwa damu, wala sichagui kwa wali niliolishwa. Atakayenirudishia buluu ya baba ndiye atakayekaa kiti cha baba."

Injini haikusumbua. Fundi wa magari aliigusa hapa na pale, ikakohoa, ikaamka. Rangi ndiyo iliyogoma.

Akaanza Mjomba Mhando. Alikuja na ndoo, matambara, na kopo la kompaundi, ile dawa nzito yenye chembe ndogo ndogo kama mchanga laini, inayokwangua rangi iliyokufa. Akaosha gari. Akapaka. Akasugua. Akasugua mlango, akasugua paa, akasugua boneti. Kitambaa chake kikageuka buluu.

Majirani wakapiga yowe. "Mhando, unalichuna! Rangi yote inabaki kwenye tambara!"

"Naondoa maiti," akasema, jasho likimtoka puani. "Aliye hai yuko chini."

Akasugua siku nne. Alipofika pembeni mwa boneti, mahali penye mkunjo, mkono ukamzidi nguvu. Pakatokea doa la kijivu, ukubwa wa punje ya haragwe. Ile ilikuwa rangi ya msingi, ya kiwandani. Akalitazama, akatema mate, akasonga mbele. Alipomaliza, vidole vyake vilikuwa vimevimba hata havikunjiki. Akajaribu kupiga ngoma, ngoma ikatoa sauti kama mtu anayegonga mlango kwa aibu.

"Basi harusi ya mpwa wangu wataipiga wengine," akasema, akacheka. Lakini hakucheka sana.

Tunu akainama, akaitazama boneti. Akaona buluu. Ilikuwa buluu kweli, lakini yenye ukungu, iliyojaa mikwaruzo ya duara kama maji yaliyokorogwa. Hakuona uso wake.

"Sasa tulipake dizeli, ling'ae," akasema Mjomba. "Madereva wote hufanya hivyo."

Hapo Baba Kibwana akaweka chini mkasi wake. "Shemeji, dizeli inaita vumbi. Litang'aa hapa uani. Likifika njiani litakuwa kama mkate uliopakwa samli ukaangushwa mchangani."

"Basi hiyo polishi laini ya kung'arishia uliyoileta kutoka dukani tuichanganye na kompaundi iliyobaki, humu humu kwenye ndoo. Vyote si vinakwenda kwenye gari lile lile?"

"Chumvi na sukari navyo vinakwenda kwenye tumbo lile lile," akasema Kibwana.

Watu wakacheka. Kibwana akachukua chaki yake ya kushonea, akachora vyumba vinne kwenye buti la gari. Chumba cha kwanza akapaka dizeli. Cha pili, mchanganyiko wa Mjomba. Cha tatu, polishi juu ya unga wa kompaundi bila kuuosha. Cha nne akakiosha kwanza, akakikausha, ndipo akapaka polishi, kidogo, kwa kitambaa cha pamba. Akaliacha gari juani.

Kesho yake mji mzima ulikuja kutazama buti. Wanawake walipita na ndoo zao za maji kichwani wakasimama. Muuza mahamri akasema dizeli itashinda, akaweka dau la mahamri yake mawili. Akayapoteza. Chumba cha dizeli kilikuwa kimevaa vumbi kama sweta. Cha pili kilikuwa na michirizi. Cha tatu kilikuwa na mikwaruzo mipya. Cha nne kiling'aa hata nzi akatua, akajiona, akaruka.

"Ah!" akasema Mjomba Mhando. Akakaa chini. "Endelea basi, Kibwana. Mimi ni mkono. Niambie."

Lakini Kibwana hakuutaka mkono uliovimba. Alifanya mwenyewe. Akaosha unga wote, hata ule wa kwenye mikunjo, akiutoa kwa mswaki. Akakausha. Akapaka polishi, akafuta. Wapitanjia wakamtania: "Kibwana! Umeoa mjane, na gari la marehemu nalo umelioa?" Akainua macho, akasema, "Hili halijanikubali bado," akaendelea kufuta.

Tunu akainama, akaitazama boneti. Akaona uso wake, na nyuma ya uso wake mkungu, na ndani ya mkungu popo wamening'inia.

Lakini Kibwana alitikisa kichwa. Alimwaga maji, yakatandaa, yakalala juu ya rangi. "Imesafishwa, lakini iko uchi," akasema. "Haijavaa nta. Njiani kuna miwa."

Kila mtu alielewa. Ulikuwa msimu wa kuchoma miwa kabla ya kuvuna. Majivu yake meusi huruka angani kama manyoya ya kunguru, yana mafuta na sukari ndani, na yakikutana na manyunyu hushika kitu hata kukitia madoa. Dukani nta ya gari hakuna, haijaletwa tangu masika.

"Nta ya sakafu je?" akauliza Mjomba.

"Nyekundu hiyo. Unataka bibi harusi aende na gari la zambarau?" akasema Kibwana.

Akakunja kitambaa chake. Halafu akasema kwa upole, "Nta iko moja tu mji huu. Marehemu aliiacha."

Wote wakamgeukia Shangazi Mwantumu. Shangazi akafunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea. Akaenda kwake. Akarudi na kopo bapa la bati.

Alilifungua. Nta ilikuwa imekauka, ya manjano kama siagi. Katikati palikuwa na mifereji mitatu. Ilikuwa alama za vidole vitatu vinene, jinsi vilivyochota mara ya mwisho.

"Msiba ulipokwisha watu waligawana shati, saa, baiskeli," akasema Shangazi. "Mimi nilichukua hili. Mkono wa ndugu yangu uko humu."

Kibwana akaeleza, akitazama chini, kwamba nta kavu hulainishwa kwa kuliweka kopo ndani ya maji moto.

"Ukiitia moto, vidole vyake vitayeyuka," akasema Shangazi.

"Ndiyo, dada."

"Basi hakuna maji moto."

Shangazi akakaa chini kivulini. Akachokoa nta kutoka pembeni ya kopo kwa ukucha, akaipasha kiganjani mpaka ikalainika, akaipaka kwenye rangi, nyembamba, akaingoja ikauke na kupiga ukungu, akaifuta kwa kanga kuukuu. Akachokoa tena. Akapasha tena. Akapaka tena. Paa likaisha. Boneti ikaisha. Milango mitatu ikaisha. Ukabaki mlango mmoja, wa mbele kushoto, mlango wa kile kiti. Na ndani ya kopo ikabaki mifereji mitatu tu, imesimama peke yake kama kisiwa.

Tunu akasema, "Shangazi, acha. Mlango mmoja si kitu."

Shangazi alilitazama kopo. Akaweka vidole vyake vitatu kwenye mifereji ile. Vilipwaya. Kisha akavikunja, akachota nta yote, akaupaka mlango.

Siku ikafika. Tunu akatoka na vazi lake, vigelegele vikapanda. Gari lilikuwa mbingu tena. Lakini alipofika kwenye gari akasema, "Kiti cha mbele kibaki wazi. Ninyi watatu kaeni nami nyuma. Kabla ya lango la wakwe nitamwita mmoja."

Basi wakabanana wanne nyuma. Mjomba alijaza nafasi ya wawili. Shangazi akawa anasema, "Mhando, vuta pumzi uibane huko huko." Dereva wao, jirani aitwaye Chande, akaendesha kando ya kiti kitupu, akikitazama kama mtu aliyepakia mzimu.

Wakaingia kwenye mashamba. Moto ulikuwa umewashwa upande wa magharibi. Majivu yakaja, meusi, mapana, yakatua juu ya paa, juu ya boneti, juu ya milango. Halafu manyunyu yakaanza.

Walipofika kwenye daraja dogo, lango la wakwe likiwa linaonekana na ngoma zikisikika, Tunu akasema, "Chande, simama."

Wakashuka. Chande akafungua kidumu cha maji, akamwaga juu ya boneti. Maji hayakutandaa. Yalijikunja kuwa shanga, shanga zikakimbia, zikabeba majivu yote, zikadondoka barabarani. Buluu ikabaki. Kwenye mkunjo tu, palipokuwa na doa la kijivu, jivu liling'ang'ania.

"Hilo langu," akasema Mjomba Mhando kabla hajaulizwa. "Sikatai. Lakini msisahau, bila mimi mngepaka nta juu ya chokaa. Mngeng'arisha maiti. Nani alimtoa aliye hai? Nimempa mpwa wangu mikono yangu, na leo nasikia ngoma ya harusi yake ikipigwa na watu wengine. Mwenye kiti ni aliyeanza, maana asiyeanza hamalizi."

Shangazi Mwantumu akasema, "Mhando, mikono yako itapona. Wiki ijayo utatusumbua tena na ngoma. Na akili ya Kibwana iko palepale kichwani, haikupungua. Nyinyi mlitoa vitu mtakavyobaki navyo. Mimi nimetoa kitu kisichorudi. Buluu ilirudi kwa kazi yenu, kweli, lakini imefika hapa kwa nini? Tazameni maji. Huo mnaouona ukiyakimbiza ni mkono wa ndugu yangu."

Baba Kibwana alikuwa amesimama kando. Tunu akamwambia, "Na wewe, baba, sema."

"Mimi sidai."

"Sikukuuliza kama unadai. Nimesema, sema."

Kibwana akajifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Mkono bila utaratibu ungelimaliza gari kwa dizeli. Nta bila utaratibu ingefungia uchafu ndani. Mimi nilijua tu kipi kitangulie na kipi kifuate." Akaligeukia gari. "Na kingine. Miaka sita nafungua dirisha asubuhi naona gari la mwanamume mwingine. Ningeweza kuliuza. Mama yako hata aliniambia niliuze. Nilijua iko siku litaulizwa."

"Aa, sasa unadai," akasema Shangazi, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mimi niliyeshika usukani?" akasema Chande. "Mimi siwi baba wa mtu?" Wote wakamtazama, akarudisha kidumu kwenye buti.

Kule langoni wakwe walikuwa wameshaliona gari. Vigelegele vikaanza. Hapakuwa na muda tena. Tunu akazunguka gari, akashika kitasa cha mlango wa mbele kushoto. Akainama, akautazama mlango ule. Katika buluu yake akaona nyuso tatu zimesimama nyuma yake, zimebanana kama zilivyobanana njia nzima, na kila moja ilikuwa ikingoja.

Akaufungua mlango. Akageuka.

Nimewauliza wanawake kisimani, wakagawanyika. Nimewauliza wanaume kwenye bao, wakasahau mchezo wao. Sasa nawauliza ninyi, na mkumbuke kwamba si suala la safari ya hatua chache kutoka darajani hadi langoni. Ni nani atakayeitwa siku ndoa ya Tunu itakapoyumba, ajue la kusema, aje hata kwa mvua.

Mjomba aliyeondoa kilichokufa, Baba Kibwana aliyejua kipi kifuate kipi, au Shangazi aliyefuta alama za vidole ili mlango usishike jivu: je, Tunu amwite nani akae kiti kile?